Muzungu Mwenye Hakujua Kuuza

Nyinyi batoto ya lelo munafika ku meza ya muntu, hamusemi ata jambo, munauliza: "Mama, derniye pri ni ngapi?" Derniye! Kintu haujaishika, haujaigeuza, haujaangalia mwenyewe mu macho, unataka mwisho ya bei mbele ya mwanzo. Kisha munajiita bakomersan. Nikiwasikia hapa pa barabara nacheka, kisha nakasirika. Njo maana nimekamata kalamu. Nilisoma miaka mbili tu ku masista, na Kiswahili yangu ni ile ya hapa Lubumbashi. Mwenye kutaka kunikosoa akosoe. Nitamuonyesha vile Kiswahili ya kitabu ilimufanyia muzungu moja mukubwa.

Wakati muji ilikuwa inaitwa Elisabethville, miye Elena nilikula juu ya kazi ya kutembeza bei. Si kuuza, si kuuzisha: kutembeza. Shikeni muzuri hapa, juu kule ku pwani banasema ingine. Kwetu, mwenye kuuza ni ule anatosha, anatoa falanga na anaenda na kintu. Mwenye kuuzisha ni ule anatosha kintu na anapokea falanga. Miye nilikuwa katikati. Sikuwa na kintu, sikuwa na falanga. Nilikuwa na miguu na mudomo.

Kintu yenyewe ilikuwa feza ya zamani, ile vipande ya mviringo ya kulipia. Kulikuwa bazungu benye ugonjwa ya kuitafuta. Si juu ya kula nayo, hapana. Juu ya kuilalisha mu kisanduku yenye velure nyekundu ndani, kuifunika, na kuifunua siku ya Mungu kisha misa. Muntu muzima, tumbo mbele, bibi ndani ya nyumba, anakaa na lupe, ile kioo ya kukuza, ku jicho anahesabu manyota ku kipande ya shaba! Mutoto yangu akifanya vile ningemupeleka ku dispanseri.

Mwenye alinifundisha ni Mama Mbuyi, mwanamuke ya Kasai, aliuzisha bitoyo ku soko ya cité, mitaa ya bantu beusi. Mikono yake ilinuka samaki ya chumvi mpaka ku kiwiko, lakini vidole vyake vilijua feza kuliko ile lupe yote. Bauzaji ya samaki balimulipa na makuta ya kila namna, naye alichagua ile ya zamani, aliitia mu kona ya kitenge. Alinipatia sheria moja tu.

"Elena, mwana, ule wa kuuza na ule wa kuuzisha basionane sura."

"Juu ya nini, mama?"

"Muzungu akiona viatu ya muntu yako, bei inakufa. Muntu yako akiona nyumba ya muzungu, bei inakuwa wazimu. Bakae mbali. Weye tembea."

Njo vile tulifanya. Muzungu anakaa ku barza na kahawa yake. Mwenye kuuzisha anakaa nyuma, pa mulango ya jikoni, na mupishi. Miye natoka huku naenda kule. Nabeba bei ku mudomo kama mayai mu kitunga. Na kutembea kwenyewe ni kazi! Ukirudi mbio, kila muntu anajua bei ni muzuri, anakaza. Ukirudi polepole sana, banazani umekufa njiani. Mama Mbuyi alinifundisha kusimama katikati ya njia, kuvua kiatu, kutosha jiwe. Jiwe haikukuwamo. Ile jiwe yenye haikukuwamo ililisha batoto yangu tano. Nyinyi munapiga telefone, bei inafika mbele ya muntu kupumua. Munazani ni akili.

Sisemi sikukosa. Feza yangu ya kwanza ilikuwa ya Baba Kalala, muzee moja mwashi. Ilikuwa nyeusi kama chungu. Nilisema: hapana, siwezi kumupelekea muzungu bushafu. Niliisugua na majivu na ndimu asubui muzima, mpaka iling'aa kama jicho ya samaki. Muji yetu ni ya mukuba, ya shaba. Kila mama anasugua sufuria yake, heshima ya nyumba ni kung'aa. Nilifika na kiburi yote. Muzungu aliiangalia, alikamata kichwa na mikono mbili.

"Umeiua! Umeiua!"

Alinipatia bei ya feza ya kuyeyusha. Kumbe anauza bushafu! Miaka makumi ine ya jasho na moshi njo yenye alitaka, na miye niliitupa na maji. Baba Kalala hakusema na miye miezi tatu, na alikuwa na haki.

Na matundu! Serikali ya zamani ilitengeneza makuta ya shaba na tundu pa katikati. Ile muzungu aliibusu. Lakini bamama yetu balitoboa feza na musumari, balifunga ku shingo ya mutoto mwenye kugonjwa, mutoto alipona. Ile muzungu alisukuma na kidole kimoja. "Hii ina tundu." Eh! Na ile ingine? Tundu ya serikali iko na bei, tundu ya mama haina bei. Nilibeba ile jibu mara ngapi mpaka jikoni, na kila mara nilitamani kuitema mu kahawa yake.

Huyu muzungu tulimuita Bwana Lupe. Jina yake ya kweli naijua, lakini ninamuachia. Mbele ya kufika hapa alikaa miaka ku bandari ya Dar es Salaam, na kule mwalimu moja alimufundisha Kiswahili ya pwani na kitabu. Njo kiburi yake ilitoka. Alisema sisi bantu ya Elisabethville tunasema Kiswahili ya jikoni. Bazungu bapya benye kutoka Ulaya aliwaita ku barza, aliwafundisha na cha-vya-vyake, balikunja ulimi mpaka balitoka machozi. Kisha balienda ku soko kulomba mayai na hakuna mama mwenye alisikia kintu.

Sasa Sofi.

Sofi alikuwa jirani yangu wa zamani, mudogo wangu kwa miaka tatu. Aliolewa ku kampe moja ya bafanyakazi. Bwana yake Ilunga alikufa na kifua. Ku ile kampe sheria ilikuwa kavu: bwana akikufa, nyumba inarudia ku kapita, musimamizi wa kampe, mujane anapewa siku, kisha mufunguo. Sofi alipewa mpaka siku ya posho, ni kusema samedi, Jumamosi. Na shemeji yake Kasongo, mudogo wa marehemu, alikuwa amefika tayari na kinga, baisikeli yake, kutoka mugini kwao, kule karibu na Mokambo, kumubeba. Alikuwa na bibi mbili. Alitaka wa tatu, na huyu hakuna mahari ya kulipa.

"Bibi ya kaka ni mali ya nyumba," alisema mbele yetu, anakula bukari ya Sofi. "Haibakie mu muji kama kinga bila mwenyewe."

Magaribi Sofi alimuacha na sahani yake. Alikuja kwangu.

"Yaya Elena, sitaki kuenda. Nitakufa kule."

"Na ku biro banasema nini?"

"Banasema mwanamuke bila bwana akitaka kubakia ku cité aonyeshe kazi. Mugreki wa pa soko iko na mashini ya kushona ya zamani, anataka elfu moja na mia mbili. Nikiwa na mashini mu chumba, karani anaiona, anapiga muhuri. Yaya, miye najua kushona!"

Alifungua kitambaa. Feza tatu, nzito, kichwa ya mufalme ya ndevu upande moja, simba mbili upande ingine. Baba yake alizipata wakati alibeba mizigo ya bazungu ya kwanza. Hazina tundu. Nyeusi kabisa, heshima kabisa. Nilimushika mukono: usizisugue! Kesho siku ya ine, siku mbili mbele ya posho, tunaenda.

Ile siku ya ine mvua ilinyesha tangu asubui, nyuma ya nyumba ya Bwana Lupe kulikuwa kama mutoni. Na ku barza alikuwa na mugeni, muzungu kijana mwenye kutoka Ulaya ile mwezi, na kaye, daftari, ku magoti na kalamu mu mukono. Mwanafunzi. Bwana Lupe alituona tunalowa, alisimama kama padri pa altare.

"Mama Elena, leo sihitaji miguu yako. Mwite mwenzako aje hapa. Nitazungumza naye mwenyewe. Huyu bwana mdogo aone jinsi mtu anavyosema na wenyeji."

Ningekataa. Lakini mvua ilikuwa mingi, na miye nilisema mu moyo: acha ajionyeshe. Njo kosa yangu ya kwanza ile siku.

Sofi alisimama pa mulango ya barza, maji inatoka ku kitenge, feza tatu juu ya meza ndogo. Bwana Lupe alizigeuza na lupe. Jicho yake moja ilikuwa kubwa kama ya ng'ombe. Niliona koo yake inameza mate, nilijua: anazitaka kufa. Kisha alinyoosha mugongo, aliangalia mwanafunzi, alisema polepole:

"Je, mama, unauza sarafu hizi kwa faranga mia tisa?"

Sofi aliniangalia. Ile neno sarafu hakuijua. Lakini unauza aliijua muzuri. Muzungu anamuuliza kama atauza, atoshe falanga mia tisa, juu ya feza ya baba yake mwenyewe!

"Hapana, Bwana! Siuzi!"

Mwanafunzi aliandika. Bwana Lupe alicheka kidogo, kama muntu mwenye kujua bantu.

"Basi, elfu moja. Utauza?"

"Siwezi kuuza, Bwana! Nitauza namna gani? Hii ni ya baba yangu!"

"Naelewa, ni kumbukumbu ya marehemu baba yako. Elfu moja na mia mbili."

Elfu moja na mia mbili! Bei ya mashini! Na miye, miye mwenye nilijua neno yote mbili, miye mwenye nilisikia ile muzungu miaka tano, nilikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo. Nilisikia yote. Mudomo yangu ilikuwa imefungwa na bulafi. Nilisema: bei inapanda yenyewe, bila miguu, bila jiwe. Acha ipande. Sofi alikuwa amekamata mulango na mikono mbili, na miye nilikuwa nahesabu matabishi, sehemu yangu ya falanga.

"Siuzi, Bwana. Kwa Yesu, siuzi. Sina falanga."

Ile "sina falanga" Bwana Lupe hakuijali. Jicho yake ilikuwa ku feza.

"Elfu moja na mia tano! Ni neno langu la mwisho. Unauza au huuzi?"

Alipiga meza na mukono. Sofi alizani anamulazimisha. Mvua, muzungu anapiga meza, elfu na mia tano yenye hajawahi kuiona. Alinyakua feza zake tatu, alilia kama mutoto, na alikimbia mu mvua mpaka geti, bila kiatu moja. Mwanafunzi alibakia na kalamu juu.

"Ameandika nini?" niliuliza mupishi kisha.

"Ameandika: banawake ya hapa banajua kuuzisha sana."

Nilimufuata Sofi mpaka ku kampe. Alikuwa amekaa juu ya sanduku yake, Kasongo anafunga sufuria na kamba ya kinga, anaimba. Nilimuvuta Sofi inje.

"Sofi, hakutaka uuze. Alitaka uuzishe. Kule ku pwani kuuza njo kuuzisha. Kwake yeye, kuuza yetu ni kununua."

Alijifuta sura na mukono. Maji ya mvua na ya macho ilikuwa moja.

"Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu mia tisa?"

"Tangu mia tisa."

"Na ulinyamaza. Ulikuwa unaniangalia kama sinema."

Nilimulomba anipatie feza, nirudie kule peke yangu.

Alinipatia feza mu mukono, moja, mbili, tatu, kwa nguvu, kama muntu anapiga.

"Enda. Lete mashini. Lakini matabishi yako, yaya, hii mara hautaikula."

"Nimeitika."

Nilirudi kisha saa ya kula. Mvua ilikuwa imekwisha. Mwanafunzi alikuwa pale bado, anarudia maneno yake kwa sauti. Lakini sura ya Bwana Lupe ilikuwa ingine. Kumbe alimuuliza mupishi wake juu ya nini mwanamuke alilia, na mupishi, mwenye kila mwezi alitaka sehemu ya matabishi yangu, alimueleza yote. Bwana Lupe alinivuta pa kona ya barza, alisema na sauti ya chini:

"Mlinichezea. Hakukataa hata mara moja. Nilikuwa nashindana na mimi mwenyewe! Sasa ni mia sita. Ukitaka, chukua. Hutaki, nenda."

Mia sita. Nusu ya mashini. Nusu ya mashini haishoni. Na siku ya posho ilikuwa kesho kutwa.

Muntu mwenye haraka angelia, angepiga magoti. Miye niliangalia ile kona. Nilijiuliza juu ya nini muntu anasema bei mu kona, na sauti ya chini, mu nyumba yake mwenyewe. Na niliona: mwanafunzi bado hajui. Mupishi alimuambia Bwana Lupe peke yake.

Basi niliacha kona. Nilienda mbele ya ule kijana, niliinama muzuri kama masista balinifundisha, nilisema na sauti ya kanisa:

"Bwana mudogo, pole na masomo. Ile neno uliandika asubui, kuuza, ifungulie karatasi. Kuna kintu kidogo Bwana mukubwa alisahau ku..."

"Mama Elena!"

Sijawahi kusikia jina yangu na heshima kama ile.

"Ndiyo, Bwana?"

"Elfu moja na mia mbili. Lete sarafu."

"Asubui ilikuwa elfu moja na mia tano, Bwana. Huyu bwana mudogo aliandika ku kaye. Tumulombe atusomee?"

Kijana alifungua kaye, mutoto muzuri wa shule, tayari kusoma. Bwana Lupe alikuwa mwekundu mpaka ku shingo. Aliingia ndani, alitoka na falanga elfu moja na mia tano, aliziweka mu mukono yangu bila kuniangalia. Na alikamata feza zake tatu na vidole mbili, polepole, na niliona anasahau hasira yote. Bazungu gani hawa! Ningewachukia, lakini kuchukia ni kazi, na miye nilikuwa na kazi ingine.

Ule kijana hakuna mwenye alimufungulia macho. Alitembea mu soko miezi anauliza bamama ya mayai: "Je, unauza?" Nabo balimujibu: "Hapana, Bwana, hatuuzi," na mayai iko pale mbele yabo, kilima. Alirudi Ulaya anasema bantu ya Katanga ni bagumu.

Vendredi, kesho yake, tulibeba mashini ku mugreki, juu ya kichwa, Sofi mbele miye nyuma. Tulipata chumba ku cité na falanga mia tatu yenye ilibakia. Karani alikuja, aliona mashini, alikaa, alikanyaga mara moja kama mutoto, alipiga muhuri.

Samedi Kasongo, mwenye alikuwa amepeleka mizigo ya kwanza kwa rafiki yake mwisho ya muji, alirudia ku kampe na kinga, alikuta mulango wazi na kapita anaosha ukuta. Aliuliza, alielekezwa, alifika ku avenue yetu na jasho. Sofi alikuwa pa mulango, anashona. Hakusimama.

"Funga bintu," Kasongo alisema. "Nimekuja kukubeba."

Sofi alimuangalia kutoka juu mpaka chini.

"Shemeji, geuka."

Na mujinga aligeuka! Suruali ilikuwa imepasuka nyuma, tangu mukanda mpaka chini, kisha safari yote ile juu ya kinga. Bamama ya avenue balipiga makelele.

"Utarudia Mokambo vile, matako inje? Bibi zako mbili bakuone? Tosha suruali, nishone. Falanga kumi."

Kasongo aliangalia kushoto, aliangalia kuume. Avenue muzima ilikuwa imetoka. Mwenye alikuja kubeba mwanamuke alikaa saa moja mu chumba yake, kitenge ya Sofi ku kiuno, maua makubwa ya njano, magoti pamoja kama bibi harusi, anangojea suruali. Alilipa bila kuinua macho. Alivaa, alipanda, alienda.

Sofi aliangalia zile falanga kumi mu kiganja, kisha aliniangalia miye, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ine.

"Yaya, unakaa tu? Enda kwa Mama Mbuyi na hizi kumi, uza bitoyo."

Niliuza. Tulikula, bamama yote ya avenue, na tulicheka mpaka jirani wa nyuma alikuja kuuliza nani amekufa.